Erastus Musyoka Hakuugua kwa Muda Mfupi

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Chaani na jamaa mliotoka bara, shikamooni. Mimi ni Lynnette Mwikali, dada mdogo wa marehemu, na karatasi niliyopewa na kamati ya mazishi inasema kaka yangu "aliugua kwa muda mfupi", nami nimeikunja nikaiweka kando, kwa sababu aliugua miaka kumi na sita.

Erastus Musyoka alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa hapa Chaani, mtoto wa pili wa marehemu wazazi wetu, akimfuata kaka yetu Maxwell. Alisoma shule ya msingi mtaani kuanzia 1986 hadi 1993, kisha sekondari huko Changamwe hadi 1997, na mwaka uliofuata baba akafariki akiwa amevimba miguu na uso, tukaambiwa karogwa, tukaacha kumsalimia jirani asiye na kosa lolote.

Mwaka 1999 alianza kibarua katika ghala la chai, akapanda hadi kuwa karani wa mizani, mtu ambaye gunia likipungua kilo moja hatii sahihi hata bosi akinuna. Tarehe 7 Agosti 2004 alifunga ndoa na Pascalia, wakajaliwa watoto wawili, Fancy na Kyalo.

Mwezi Mei 2009 alipimwa akakutwa na virusi vya Ukimwi, akaanza dawa. Pascalia na watoto walipimwa, hawana, na hadi leo hawana, lakini sisi tulimwita huyu mama malaya aliyemletea mumewe maradhi, na wengine wenu mlikuja kumtembelea mgonjwa na vikombe vyenu mkobani.

Mwaka 2017 daktari aliona protini kwenye mkojo wake, akamwambia figo zimeanza kuharibika, asiache dawa hata siku moja. Tukaitisha kikao cha familia, Maxwell akasema, "Hizo tembe ndizo zinazokula figo, na mkewe anajua," nasi sote, mimi nikiwemo, tukaitikia kwa vichwa. Erastus aliwaheshimu wakubwa wake, akaacha dawa miezi minane akinywa mizizi tuliyomchemshia, na alipozirudia figo zilikuwa zimekwisha. Januari 2020 akaanza kusafishwa damu kwa mashine, mara mbili kila wiki, na kazi ikamshinda.

Mwaka 2023 watafiti walimwomba damu, akakubali, kisha daktari wake akatuita akatueleza kwamba kuna hitilafu ya kurithi, nusu hutoka kwa baba na nusu kwa mama, si uchawi wala dhambi ya mtu, na mwenye nusu zote mbili akipata virusi, figo zake huwa hatarini kuliko za wenzake, na dawa tulizomwachisha ndizo zilizokuwa zikizilinda. Pascalia, yule malaya wetu, alijitolea figo yake, vipimo havikulingana. Nami nilipimwa, nikakutwa na nusu zote mbili kama kaka, nikakataliwa. Maxwell alifika hadi geti la hospitali, akasoma neno Ukimwi kwenye kibao cha kliniki, akaniambia, "Mimi siingii hapo, watu wataniona," akapanda tuktuk akaenda zake. Nilipomweleza Erastus, aliuliza tu, "Alikuwa amekula lakini?"

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Hema hili na spika hizi vimeletwa na Maxwell, na picha ya marehemu aliyoikuza imetundikwa mahali ambapo kila mtu ataiona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, waliomwita kwa jina lake, wafanyakazi wenzake wa ghalani, waliomchangia nauli hadi wiki ya mwisho, na jirani yetu Mama Mweri, aliyemfulia mashuka bila kuvaa glavu. Familia siishukuru. Kaka Maxwell, nimeona viatu vyako leo umevifungua kamba kwa sababu miguu imevimba, na Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa pale getini nikikungoja, pamoja na Fancy na Kyalo.

Mungu akupumzishe kwa amani, Erastus, na sisi uliotuacha atunyime usingizi mpaka tupimwe.