Jina la Mama Wekulo

Benchi la Kaloleni, lile la taruma la reli lililolazwa juu ya mawe nyuma ya ukumbi, lina desturi yake: ukikaa, jina la kitambulisho unaliacha nyumbani. Ndiyo maana Dedan anaitwa Wakili, ingawa mahakamani aliwahi kufika mara moja tu, tena kama mshtakiwa, kwa kosa la kuuza sukari bila leseni. Kweyu ni Redio kwa sababu hana pa kuzimia. Bwire, fundi wa karakana ya reli, ni Spana. Muuza kahawa peke yake ndiye aliyebaki na jina lake, Saad, kwa sababu ukimtania anakumiminia ile kahawa ya chini ya birika yenye machicha, nawe utaitafuna kama mboga. Jumatano hiyo Bwire alifika amenuna, akakaa bila kusalimu mtu, akanyoosha mkono kuomba kikombe.

— Niaje Spana, Redio akaanza. Mbona uso umekunjamana hivyo? Umefutwa?

— Natoka benki. Wanasema hawana hakika kama mimi ni mimi.

— Ulikuwa umelewa?

— Saa tatu asubuhi?

— Sikuuliza saa.

Bwire alikuwa na sababu ya kununa. Wiki iliyopita vijana wa soko la Gikomba walimpapasa mfukoni, pochi ikaenda na kitambulisho, ikaenda na ile kadi mpya ya kutolea pesa kwenye mashine, ambayo hata hakuwa ameizoea. Na kesho mama yake alikuwa aingie hospitali kutolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alishasema wazi kwamba hamgusi mtu kabla ya kulipwa. Pesa zipo, ameziweka polepole akijinyima nyama, lakini zimekaa nyuma ya kioo cha benki, na mbele ya kioo kuna dada mmoja mwenye kompyuta na sauti ya upole.

— Si ulienda na abstract ya polisi, ile karatasi ya kuonyesha umeibiwa? Wakili akauliza, akijiweka sawa kama mtu anayelipwa.

— Nilienda nayo. Akasema haitoshi, lazima anihoji. Akauliza nilizaliwa wapi, nikamwambia. Akauliza kazi, nikamwambia. Kisha akauliza jina la mama yangu kabla hajaolewa.

— Ukasemaje?

— Nikasema Mama Wekulo.

Wakili alijipiga goti kahawa ikamwagika.

— Kabla ya kuolewa alikuwa Mama Wekulo? Spana, hiyo sasa ni kesi nyingine kabisa!

Walicheka mpaka Saad akalazimika kuweka birika chini. Bwire hakucheka. Wekulo ni kaka yake mkubwa, na tangu apate akili hajasikia mama akiitwa vingine. Majirani walimwita hivyo, kanisa lilimwita hivyo, hata marehemu baba, akitoka kazini na kofia yake ya reli, aliita "Mama Wekulo!" kuanzia langoni.

— Nikajaribu Asenath, akaendelea. Nililisikia siku moja mchungaji akilisoma. Dada akatikisa kichwa, akasema hilo ni la ubatizo, yeye anataka la kwao. Nimebakisha nafasi moja. Nikikosea, kompyuta inafunga. Hapo niende kwa wakili nikale kiapo, niende kwa chifu, halafu ningoje waniite.

— Kwa wakili gani? Wakili akauliza, ameumia. Na mimi niko hapa?

— Ngoja, akasema Saad. Hilo jina benki walilitoa wapi kama wewe hulijui?

Hapo ndipo palipomchoma Bwire. Siku alipoajiriwa, baba yake ndiye aliyempeleka benki, akajaza kila kitu kwa mwandiko wake wa madoido. Bwire alitia sahihi tu, akili yote ikiwa kwenye mshahara. Sasa baba amelala udongoni, jina limehamia kwenye kompyuta, na yeye mtoto, mvi zimeshaingia ndevuni, halijui. Aliona haya, haya ya kweli.

— Kwa hivyo benki inamjua mathe wako kuliko wewe, Redio akasema. Lakini msishangae. Mimi nawaambia hayo majina yanapelekwa ng'ambo. Wakishapata mama wa kila mtu, wanajua nani ni ndugu ya nani. Ukikopa ukahepa, wanashika binamu.

— Basi binamu zako wakimbie leo, Saad akamjibu.

— Nyamazeni niwape sheria, akasema Wakili. Mwizi anaweza kuchukua pochi. Anaweza kuchukua hata suruali. Lakini mama yako hamjui. Ndiyo maana wanauliza.

— Mwizi wa Gikomba? Redio akaruka. Yule akinitukana kila asubuhi anamtaja mama yangu, tena na viungo vyake vyote!

— Sisi tumeshapatikana, akasema Saad. Mamangu hakubadilisha jina alipoolewa. Ni Shamsia binti Jama mpaka leo, na babangu akaliandika lote kwenye mlango wa duka, kwa rangi ya kijani. Siri yangu ya benki inasomwa na kila mtu anayenunua kiberiti.

— Na mimi? Wakili akadakia. Binti yangu wa kwanza ndiye mama yangu, ndivyo sisi tunavyopeana majina. Nikiita "Teresiah, osha vyombo," nimeshafungua nusu ya akaunti. Spana, binti yako anaitwa nani?

— Mourine.

— Mourine ulimtoa wapi?

— Kwa nesi aliyemzalisha.

— Ona sasa! Ungemwita nyanya yake, leo ungekuwa na pesa mfukoni.

Redio hakupenda kuachwa nyuma. Alisimama kabisa.

— Hiyo ya majina ni upuzi. Waweke mbwa mlangoni, kila mteja anuswe. Ama wapime chafya. Chafya ya mtu haifanani na ya mwingine, mimi nikipiga yangu mtaa mzima unajua. Ama wamwite bibi yako, aulizwe unakoroma vipi.

— Afadhali watuite sisi, akasema Wakili. Walete kompyuta yao hapa kwa benchi. Tunaapa: huyu ni Spana, tumekunywa naye kahawa miaka nenda miaka rudi.

— Na wakiwauliza jina langu kamili? Bwire akauliza.

Wakili alimwangalia Redio. Redio alimwangalia Saad. Saad akaanza kusuuza vikombe vilivyokuwa safi.

— Kwani si umuulize mama mwenyewe? hatimaye Saad akasema, kwa upole.

— Nimuulize aje, Saad? Mtu mzima mimi, nimwambie, samahani mama, kwani wewe ni nani? Nilimpigia Wekulo kule Malaba, sarafu zote zikaisha akicheka. Naye halijui. Sisi mzazi hatumtaji jina, na usipolitaja utalijulia wapi?

— Sikiza, akasema Redio, akamshika bega. Mimi pia natoka huko magharibi. Nenda useme Nasambu. Wamama wa rika lake, ukirusha jiwe sokoni linampata Nasambu. Benki inafunga saa tisa. Nenda sasa hivi, sema Nasambu, bila kutetemeka.

Haikuwa busara, na Bwire alijua. Lakini mtu aliyeshikwa pabaya hachagui sana. Alirudisha kikombe, akafunga kifungo cha koti, akaanza kulikariri: Nasambu, Nasambu. Macho ya mama yake yalikuwa yamewekwa juu ya bahati nasibu ya Redio.

Wakati huohuo mkokoteni ukakunja kona kutoka upande wa stendi ya mabasi. Juu yake kulikuwa na mikungu ya ndizi, na kando ya ndizi mwanamke mzee aliyejifunga leso kichwani, ameshikilia mfuko na kuku kwapani. Mvuta mkokoteni alimshusha kwa adabu.

— Hodi hapa, akasema mama, akiangalia pembeni kidogo ya watu. Namtafuta Bwire wa reli.

— Bwire? akasema Redio. Hapa hakuna Bwire, mathe. Labda jaribu Makongeni.

— Mama! Bwire akaita. Si ulikuwa ufike jioni?

Mama alimpa Redio kuku bila kuuliza ni nani, akanyoosha mkono. Kiganja kikapita juu ya paji la uso la mwanawe, kikashuka shavuni, kikafika kwenye kovu la kidevuni ambalo Bwire alilipata akianguka kwenye jiwe la kusagia akiwa mtoto.

— Ndiye, akasema. Lakini umekonda.

Dada wa benki alikuwa amemhoji Bwire asubuhi nzima, akiwa na macho yake mazima, na asimtambue.

— Nimesikia kelele zenu tangu kule barabarani, mama akasema. Nani anatafutwa?

Saad ndiye aliyejikaza.

— Shikamoo mama. Tunatafuta jina lako. Benki inalitaka, la kabla hujaolewa.

— Langu? Mama akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. Akageuza uso upande wa mwanawe. Bwire, kwani mimi naitwa nani?

Wakili mwenye sheria zote hakuwa nalo. Redio alimkumbatia kuku, na lile Nasambu lake halikutoka. Saad aliinamisha birika ajishughulishe, yakatoka machicha matupu.

— Sijui, mama, akasema Bwire. Nisamehe. Sijui.

Mama akapapasa hewani mpaka akalipata sikio la mwanawe, akalivuta kama zamani alipokuwa akimkanya.

— Baba yako alilijua. Aliniita hilo tukiwa wawili tu.

Akamnong'oneza. Redio alinyoosha shingo, Wakili akanyoosha shingo, lakini mama alikuwa ameziba kwa kiganja. Lilikuwa jina ambalo Bwire hakuwahi kulisikia maishani mwake, na machozi yalimtoka mbele ya benchi zima, wala hakuyafuta.

— Ni Nasambu? Redio akauliza.

Bwire alichukua mfuko, akamshika mama mkono, wakaanza kwenda pamoja kuelekea benki, yeye akilitamka lile jina kimoyomoyo lisije likampotea. Nyuma yao kahawa ilikuwa imekwisha na kuku alikuwa akilia.

— Redio, alimsikia Wakili akiuliza. Na mama yako wewe anaitwa nani?

Bwire alitega sikio mpaka wakavuka barabara, lakini Redio hakusema kitu.