Dada Yetu Kiguu na Njia na Mama wa Jumapili

Ndugu, majirani na marafiki mliofika, mimi ni mdogo wake wa mwisho, na mama ameniagiza nisome yote, pamoja na yale ambayo dada aliyaficha, kwa hiyo nitayasoma.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1978, akamaliza sekondari mwaka 1989, kisha akasomea uchapaji na kuajiriwa ofisi ya ardhi, ambako alidumu miezi kumi na moja, akichapa majina ya viwanja asivyowahi kuvikanyaga, hadi alipomwambia bosi wake kwamba kiti kinamchosha kuliko kazi. Nyumbani tulikwisha kumwita Kiguu na Njia tangu darasa la tatu, kwa kuwa akitumwa chumvi alirudi na habari za mtaa wa pili, na chumvi kasahau.

Tarehe 2 Juni 1992 aliondoka na begi moja la mgongoni, akiaga kwa miezi mitatu, akakaa miaka minane. Aliosha vyombo katika hoteli za nchi mbili, akalala kwenye mabweni ya wasafiri na vituo vya treni, kisha kwa misimu miwili akachuma matofaa pamoja na vibarua wa taifa jingine, akaishika lugha yao hadi lafudhi.

Septemba 1995 alipata kazi katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali, akapewa chumba namba sita katika bweni la wafanyakazi, na uvunguni mwa kitanda akakuta begi lisilo lake. Mwenzake wa zamu, mpiga pasi, alimweleza kwamba mwenyewe ni msichana aliyelala hapo kabla yake, aliyefariki Julai kwa homa ya mapafu na kuzikwa na manispaa, na kwamba barua ya msiba ilitumwa kwao lakini haikujibiwa. Kila Jumapili, saa nne asubuhi, simu ya ukutani kwenye korido ililia kwa muda mrefu, na wote walipita mbele yake wakiangalia sakafu.

"Ni mama yake," mpiga pasi alisema. "Sisi lugha yake hatuijui. Tungemwambiaje?"

Dada aliijua, ndiyo ile ya wachuma matofaa. Jumapili ya tatu akanyanyua simu ili aseme ukweli, lakini kabla hajatamka neno, sauti ya mama mtu mzima ikauliza, "Mwanangu, umekula?" na dada akajikuta akijibu, "Nimekula, mama."

Iliendelea hivyo kwa miezi saba, kila Jumapili, na katika miezi hiyo sisi tulipata kadi mbili.

Aprili 1996 roho ilimsuta, akachukua begi la marehemu, akasafiri siku mbili kwa treni ili akalirudishe na kukiri. Mama yule alikuwa mlangoni, macho yake mazima kabisa, akamtazama dada kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Umekonda," akampokea begi. Majirani walimsalimia kwa jina la yule msichana, bila kushtuka. Picha ya msichana ilikuwa ukutani, na dada aliniapia kwamba hawakufanana hata ukucha.

Siku ya tatu alikiri kila kitu, akilia. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, akamsogezea sahani, akasema, "Tusiliseme tena. Chakula kinapoa."

Dada alikaa naye karibu miaka minne, akifanya kazi katika duka la mikate la mtaa uleule, akiitika jina la marehemu, hata siku moja msafiri aliyewahi kuchuma naye matofaa alipomwita barabarani kwa jina lake halisi, dada akapita bila kugeuka. Februari 2000 alimzika mama yule na kutia sahihi kama binti, na tarehe 9 Mei akarudi kwetu. Wiki za kwanza ilitubidi kumgusa bega ndipo aitike.

Tarehe 17 Agosti 2002 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi bomba, wakajaliwa binti na mvulana. Wengi wenu mmeuliza jina la binti limetoka wapi; leo mmejua, ni la yule msichana wa begi. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika ofisi ya tafsiri.

Novemba 2021 alianza kuumwa kichwa, akagundulika na uvimbe kwenye ubongo, akapasuliwa mara mbili. Siku tisa za mwisho lugha yetu ilimtoka yote, ikabaki ile ya ugenini. Mchana wa tarehe 3 Agosti 2023 alimshika mama yetu mkono, akasema maneno machache, akiyarudia. Binti yake, ambaye alifundishwa lugha hiyo utotoni, alikuwa akilia hata akashindwa kututafsiria, na mama akajibu bila kumsubiri: "Najua, mwanangu. Njoo hivyohivyo." Saa tisa na robo akakata roho. Baadaye binti alituambia kwamba maneno yalikuwa, "Mama, nisamehe, mimi siye."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotulishia watoto, na wafanyakazi wenzake waliokuwa wakija kumsomea.

Dada, hapa unalazwa kwa jina lako, na mama aliyekuzaa yuko hapa. Pumzika kwa amani.