Chuo Chenye Bustani

Teksi iliyotoka Tororo ilikwama nyuma ya malori karibu na Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Acom akamweleza nesi aliyeketi kando yake kwamba anavuka kwenda Kenya kusomea uhandisi wa vifaa vya tiba. Alitegemea pongezi.

"Hicho chuo kina maabara?" nesi akauliza.

"Maabara inakuja, mama. Lakini wako na bustani, na kila chumba iko na televisheni."

Nesi akaguna. "Basi utahitimu kutengeneza televisheni. Wodini kwetu mashine za oksijeni zimekufa. Fundi alikuja na digrii yake, akazipangusa vumbi, akaenda zake."

"Baba ameshaamua," Acom akasema, amekasirika.

"Na baba ndiye atakayezitengeneza?"

Konda akaita, "Malaba, shukeni!" Acom akashuka na sanduku lake, asijue avuke au arudi nyumbani.