Uwanja wa Mama Di

Wapendwa majirani, ndugu na waumini, kwa niaba ya ukoo wa Mamuaja wa Tomohon, ambao tangu tuliposhuka kwenye ndege juzi tumekuwa tukivutana kama mpendwa wetu azikwe hapa Vientiane au arudishwe nyumbani, nasimama kuwasomea maisha yake, na uamuzi wenyewe mtausikia mwishoni.

Marehemu Deetje Mamuaja, ambaye ninyi mmemwita Mama Di, alizaliwa tarehe 4 Mei 1957 huko Kakaskasen, Tomohon, Indonesia, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi mwaka 1969, kisha akajifunza ushonaji mjini Manado, akatoka na cheti na ulimi mkali, na vyote viwili alivitumia hadi mwisho. Tarehe 12 Novemba 1983 alifunga ndoa na Hengky Lumowa, fundi wa madaraja, wakajaliwa binti mmoja, Vonny, na mwaka 1996 kazi ya mumewe ikawaleta hapa, kwa miaka miwili tu, walivyosema.

Hengky alifariki mwaka 2004, tukamngoja mjane wetu arudi, hakurudi, akabaki akishona sare za shule, nasi kila Krismasi tukimwombea kwa machozi huyu ndugu yetu aliyekwama ugenini. Mwaka 2011 dada yake mkubwa, Mama Altje, huyu aliyeketi mbele, alikuja kumchukua, na siku ya kwanza tu akaambiwa asubiri benchini kwa sababu mdogo wake alikuwa akiongoza katika petanki, ule mchezo wenu wa kurusha tufe za chuma, ambao hapa mtaani anayeshindwa hufagia uwanja. Alipokuwa akisubiri, muuza kahawa alimletea glasi yenye maziwa mazito bila kuagizwa, jirani akamsogezea kikapu cha wali wa kunata na samaki wa kuchoma, na fundi baiskeli Bounmy akawa anamchokoza marehemu, "Mama Di, ufagio unakuita," naye akajibu bila kugeuka, "Uambie namtuma wewe." Mama Altje alikuja kwa siku tatu akakaa wiki sita, na aliporudi alitutangazia kanisani, "Deetje mwacheni, waombeeni wengine."

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021, madaktari wakamkataza kurusha tufe, akahamia benchini kuwafundisha waliokuwa hawajaomba kufundishwa, hadi tarehe 9 Machi 2023 asubuhi alipofariki nyumbani kwake, mkate wake wa moto ukiwa mezani. Tulimwonea huruma miaka mingi bure, na leo tunajivunia kuitwa ndugu zake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi cherehani wenzake wa sokoni, na ninyi majirani mliokesha naye.

Sasa uamuzi. Mama Altje ndiye aliyeshikilia kwamba uhai wake tuliwaazima ninyi, lakini mifupa ni ya Tomohon. Jana jioni alikwenda uwanjani, akamkuta Bounmy na wenzake wote wakifagia, ingawa hakuna aliyecheza wala aliyeshindwa, akachukua ufagio akafagia nao, kisha akarudi akamwambia Vonny, "Mama yako azikwe hapa, hapa ndipo kwao," na Vonny akakubali.

Pumzika, Mama Di, uwanja umeshafagiwa.