Nusu ya Kwanza: Bi. Mapenzi Kenga Anapoiaga Zahanati ya Rehema

Bi. Mapenzi Kenga, muuguzi wa Zahanati ya Rehema hapa Kibokoni, Mji wa Kale, anastaafu Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kutumika miaka thelathini na mitatu na karibu miezi mitano. Amefanya kazi chini ya wasimamizi sita. Mkasi wa kukatia bandeji aliopewa wiki yake ya kwanza anautumia mpaka leo. Wanaoutamani wasijisumbue. Ameshauomba, na amepewa aende nao.

Nimeombwa mimi niandike wasifu huu kwa kuwa nakaa mapokezi, na mlango wangu unatazamana na wake. Wasomaji nao wana haki ya kujua kwamba kwa zaidi ya miaka minane, mimi Rukiya sikumwamini mwanamke huyu. Nilimsalimia kila asubuhi na nilikunywa naye chai, lakini sikumwamini. Nitaeleza.

Bi. Mapenzi alizaliwa Kaloleni, katika nyumba ya Wakristo wa kanisani hasa, si wa Krismasi tu. Alipoanza kazi hapa tarehe 3 Februari 1992, zahanati ilikuwa ya kanisa kama ilivyo leo, na wagonjwa karibu wote walikuwa Waislamu kama walivyo leo. Watu walikuja kwa sababu dawa ilikuwepo. Walikuja wakiangalia pia ni nini kingine kilichokuwepo. Na Kibokoni haikosi macho: ukibisha hodi nyumba ya tatu, nyumba ya kwanza imeshajua umebeba nini.

Yeye aliliona hilo siku ya kwanza. Kikapu chake cha ziara za nyumbani kilikuwa na kifuniko. Akakitoa kifuniko na hakukirudisha tena. Tangu hapo amepita vichochoro vyetu na kikapu wazi, kila mtu aone: pamba, bandeji, dawa ya kidonda, chupa ya maji. Wazee waliokaa barazani walichungulia bila haya, naye alipunguza mwendo ili wachungulie vizuri.

Mwaka 1998 kulitokea kisa ambacho bado kinatuchekesha, ingawa wakati ule hakikumchekesha mtu. Ofisi ya kanisa ilituma fomu mpya ya ripoti ya mwezi yenye mstari ulioandikwa: "Idadi ya nafsi zilizofikiwa." Bi. Mapenzi alihesabu watu wote aliowafikia kwa miguu yake mwezi ule, watoto wa chanjo pamoja na wazee wa vidonda, akajaza 212. Ofisini walifurahi mno. Wiki mbili baadaye ukaja ujumbe wa wageni kuwaona hao waumini wapya mia mbili na kumi na wawili wa Mji wa Kale. Walichokikuta ni foleni ya kina mama wenye mabuibui, wamepakata watoto wenye homa.

Wageni walipoondoka waliacha maboksi ya vijitabu. Vilikuwa na jalada la kijani na maandishi ya kunakshiwa, vikifanana kabisa na vitabu vya dua, mpaka ufungue. Mtu mmoja, ambaye hatujui mpaka leo ni nani, alianza kuvitia ndani ya bahasha za dawa. Kesho yake asubuhi tulikuta rundo mlangoni: vijitabu vyote vimerudishwa, na dawa pia. Watu walipendelea kukaa na homa zao. Wiki tatu hakuja mgonjwa hata mmoja.

Bi. Mapenzi alikwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba. Hakuomba msamaha kwa kuwa Mkristo. Alisema sentensi moja kila mlango: "Dawa ni dawa, na kitabu ni kitabu. Anayetaka kitabu aje akiombe kwa mdomo wake." Maneno hayo yamebandikwa ukutani kwetu tangu siku ile. Ofisi ya kanisa haikuyapenda. Walimwandikia barua wakiuliza kama anaionea haya Injili. Alijibu kwamba kinachomtia haya ni jalada.

Asifikiriwe kuwa ni mtu wa kukubali kila kitu. Maalim Jamaldin, mwalimu wa madrasa na mgonjwa wetu wa presha, atashuhudia. Kila Jumatano kwa miaka mingi alikuja kupimwa, na kila Jumatano alianza: "Binti Kenga, Mwenyezi Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Mwana mumemtoa wapi?" Naye alimfunga kile kitambaa cha kipimo mkononi na kumjibu: "Maalim, habari ya Mwana na habari ya presha haziendi pamoja. Nyamaza kwanza." Akishamfungua, humjibu kweli, bila kupunguza: kwamba kwake yeye Yesu ni Mwana wa Mungu, alisulubiwa, akafufuka. Maalim husema, "Umepotea, mwanangu." Yeye husema, "Na wewe pia, Maalim. Chumvi punguza." Wanaagana.

Sasa nifike kwangu. Mume wangu Sheikhan aliugua figo. Alipokuwa hawezi tena kushuka ngazi, Bi. Mapenzi alikuja nyumbani siku tatu kwa wiki kumsafisha na kumchoma sindano. Ijumaa tarehe 14 Oktoba 2016, wanaume wote wa nyumba walikuwa msikitini. Mimi nilitoka mbio kwenda duka la dawa, nikawaacha wao wawili. Niliporudi, Sheikhan alikuwa amefariki.

Siku ya tatu ya matanga, Mona, jirani ambaye dirisha lake linatazama chumba chetu, alinivuta pembeni. "Shoga, mimi sisemi kitu," akasema, "lakini nimemuona kwa mato yangu. Amemuinamia sikioni, midomo yatembea. Yuwamsomea ya kwao."

Sitaki kuyakuza maneno yale, lakini kwetu ile saa ya mwisho si jambo dogo. Mtu huishi miaka sitini akiomba neno lake la mwisho liwe lile la shahada. Nilijiuliza Sheikhan alisikia nini mwisho. Je, alipokuwa hana nguvu ya kukataa, alisomewa jina asilolitaka? Je, aliitikia? Nikazikumbuka bahasha za dawa.

Bi. Mapenzi alinitembelea kila wiki nilipokaa eda. Aliketi mkekani, akanyamaza, akaondoka. Ukimya wake niliuhesabu kuwa ni ushahidi. Nilirudi kazini, nikakaa mbele ya mlango wake, na sikumuuliza. Niliogopa jibu. Kuna siku niliona afadhali shaka kuliko yakini.

Mwezi wa Aprili mwaka huu niliambiwa nihesabu ziara zake za nyumbani kwa ajili ya wasifu huu. Anaandika kila kitu, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, na kwenye daftari lake hakuna kilichofutwa. Nilifika Oktoba 2016. Imeandikwa hivi: "Ijumaa, saa saba kasoro dakika kumi. Mgonjwa hawezi kusema. Amegeuzwa kibla. Nimemsomea nusu ya kwanza. Amekata roho saa saba."

Nusu ya kwanza ya nini? Nilikaa na daftari lile magotini siku mbili. Ya sala yao? Ya sura gani? Siku ya tatu nikaliweka mezani mbele yake, karibu na sahani ya mahamri, nikaonyesha kwa kidole.

Alisoma, akavua miwani. "Alinyanyua kidole," akasema. "Cha shahada. Alinitazama mimi, akautazama mlango, akanitazama tena. Nimeingia nyumba zenu miaka mingi, Rukiya. Nilijua anataka nini, na nilijua hakuna wa kumpa. Nikamgeuza kibla. Nikamsomea La ilaha illa Llah, pole pole. Midomo yake ikafuata."

"Na nusu ya pili?"

"Ya pili sikuisema. Ile ya kwanza naiamini, mimi kama yeye: hapana Mungu ila Mungu mmoja. Ya pili, ile ya Mtume, siiamini, unajua hivyo. Nikiitamka hivi hivi, nitakuwa nimemdanganya mtu anayekufa."

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hii. Akacheka kidogo, cheko lisilo na raha. "Ningemwambia nani? Nyinyi mngesema nimesilimu, wa kwetu wangesema nimemkana Bwana. Lakini hata hayo si kitu. Nilikuogopa wewe. Ningekwambiaje kwamba mumeo nimempa nusu? Kila nikija kuketi mkekani kwako nilisema, leo namwambia. Nikashindwa. Nilijua nimempunja."

Kumbe tulikuwa wawili tulioibeba saa ile, kila mmoja upande wake.

Jioni ile nilikwenda kwa Maalim Jamaldin. Nilimweleza bila kutaja jina, naye akajua mara moja. Akasema: "Anayekata roho hutamkishwa La ilaha illa Llah. Hiyo ndiyo tuliyofundishwa. Haikupungua kitu." Kisha, kama mtu anayejisemea: "Binti Kenga! Na kila Jumatano namwambia amepotea." Alifikiri tena. "Na amepotea, lakini."

Asubuhi nilimpelekea Bi. Mapenzi jibu lile. Aliniuliza mara mbili: "Hakupungukiwa?" Nikamwambia hakupungukiwa. Akanimiminia chai katika kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa, ikamwagika mpaka kwenye daftari, yeye asiyewahi kulitia hata doa.

Hapo ndipo nilipolikumbuka jambo dogo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Siku ile niliporudi, kidole cha shahada cha Sheikhan kilikuwa kimenyooka. Nilidhani kimekaa vibaya tu. Mimi mwenyewe nilikikunja.

Bi. Mapenzi ameniruhusu kuyaandika haya. Alisema sasa anastaafu, hakuna wa kumfukuza. Mchungaji Seth, msimamizi wetu, amesoma na kuuliza mara mbili kama ni lazima yajulikane, halafu akapitisha. Nilipendekeza niandike kwamba neno lile lilikuwa kamili. Mwenyewe alikataa. "Kwenu ni kamili, alhamdulillahi. Kwangu ilikuwa nusu, na uandike hivyo hivyo. Nisije nikasemewa nisilolisema." Nami nimeandika hivyo hivyo, maana huyo ndiye yeye.

Anarudi Kaloleni, kwa minazi yake na wajukuu wanne, na Maalim ameomba aachiwe namba ya simu ili mjadala wa Jumatano usikatike. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na kwa nyumba zote zilizowahi kuchungulia kikapu chako: ahsante, Dada Mapenzi. Mungu akupe afya, akupe kivuli na usingizi wa mchana. Yale tusiyopatana atatuamulia Mwenyewe, siku tutakayoonana kwake. Mimi siku ile nitakuwa nakutafuta, nikupeleke kwa Sheikhan akushukuru.