Majibu Kumi na Moja ya Kapteni

Ndugu, jamaa na marafiki, mmekuja wengi, na wengi wenu mmekuja na swali lile lile mfukoni. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wa kike wa marehemu, na swali hilo litajibiwa zamu yake ikifika. Kwanza mtu azaliwe.

Kapteni alizaliwa tarehe 9 Agosti 1950, kifungua mimba wa karani wa posta na mkunga wa zahanati. Mama yao alikuwa na mtindo wake: ukitumwa dukani, huvuki mlango mpaka urudie ulichotumwa. Wadogo zake walinung'unika. Yeye alirudia kwa sauti ya askari, mikono mapajani, mpaka majirani wakavunjika mbavu. Siku moja tu alitoka mbio bila kurudia, akarudi na mafuta ya taa badala ya mafuta ya kupikia, na nyumba nzima ikala viazi vya kuchemsha. Hakusahau tena, na ndugu zake walihakikisha hasahau.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957, akamaliza sekondari mwaka 1970, na Januari 1971 akaingia chuo cha urubani. Huko alikuta mtindo wa mama ndiyo sheria: mwongozaji wa ndege akisema neno kutoka mnarani, rubani hulirudia lote, ndipo kila mmoja ajue limefika. Barua yake ya kwanza nyumbani ilisema, "Mama, huku sote tumetumwa dukani." Aliajiriwa na shirika la ndege Juni 1974, akawa kapteni mwaka 1983.

Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati. Bibi harusi hakujua anaolewa na mtu wa namna gani. "Funguo ziko juu ya friji," angemwambia, naye angejibu, "Funguo, juu ya friji, nimepokea," na yeye akisema la kwake, angemsubiri mkewe naye alirudie. Wifi alicheka mwaka wa kwanza, akanuna mwaka wa pili, wa tatu akazoea.

Sasa lile swali.

Tarehe 17 Aprili 1989, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Kapteni alikuwa akirusha ndege ya pangaboi mbili yenye watu arobaini na sita, ndani ya wingu zito, juu ya milima. Maji yalivuja kutoka jiko dogo la ndege yakaingia kwenye masanduku ya redio chini ya sakafu. Redio zote mbili zilizima, na mishale inayoelekeza uwanjani ikalala. Hakuna aliyemsikia, naye hakumsikia yeyote. Rubani msaidizi, kijana wa miaka ishirini na minne, alianza kusali kimoyomoyo.

Baada ya dakika sita Kapteni alibonyeza kitufe cha kuongelea, akasema kwa utulivu, "Nageuka kushoto, napanda futi elfu kumi na moja, nimepokea."

"Kapteni, unaongea na nani?" msaidizi aliuliza. "Redio imekufa."

"Nyamaza kidogo. Nisije nikampoteza."

Akageuka, akapanda. Baadaye ramani ilionyesha kwamba wangekwenda mbele dakika moja zaidi wangekutana na mlima. Akajibu tena, na tena. Mara kumi alirudia maelekezo ambayo msaidizi hakuyasikia, na mara ya kumi wakatoka chini ya wingu, uwanja ukiwa mbele yao. Kapteni akasema, "Nashukuru. Naomba kujua naongea na nani." Akasikiliza. Rangi ikamtoka usoni, akasema neno moja tu: "Nimepokea."

Wachunguzi walifungua masanduku ya redio, wakayakuta yamejaa maji. Watu wa mnarani waliapa kwamba walimwita bila kujibiwa na hawakumpa maelekezo yoyote. Mkanda wa kinasa sauti cha marubani ulikuwa na sauti ya Kapteni peke yake: jibu, kimya, jibu, kimya, na kila kimya kilitosha mtu mwingine aseme lake. Walimwandikia kosa moja. Katika jibu la kumi na moja hakurudia alichoambiwa. Alisema amepokea, lakini hakusema amepokea nini.

Alisimamishwa miezi mitatu, akapimwa masikio na akili, akaonekana mzima. Mitaani walisema mengi. Wengine walisema malaika, wengine marehemu baba yake, na wapo waliosema alikuwa amelewa, mtu ambaye hata soda humaliza nusu. Ndugu zake walimbana kwa miaka thelathini na minne. Hakupepesa macho. "Alikuwa mtu anayejua kazi," alisema, akabadilisha mazungumzo. Dada yake, mwandishi wa wasifu huu, alimnunia miezi miwili kwa ajili hiyo, na leo anajuta.

Alistaafu mwaka 2010, akafundisha chuo cha urubani miaka mitano. Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliomba augulie nyumbani, na kitanda chake kikawekwa sebuleni, karibu na dirisha. Mwezi Januari alimshika mkewe mkono.

"Mama watoto, kuna asubuhi nitaanza kuongea peke yangu. Mtu asinichome sindano mpaka nimalize."

"Umalize nini?"

"Rudia nilichosema."

"Usichomwe sindano mpaka umalize," wifi akarudia, akidhani ni ugonjwa unaoongea.

Asubuhi ya tarehe 6 Machi 2024, saa nne, Kapteni aliketi. Alikuwa na wiki mbili hajaweza hata kugeuka. Alitazama dirishani, akasema kwa sauti ya mtu aliye kazini, "Nakupata vizuri. Mlima uko mbele yako. Geuka kushoto, panda futi elfu kumi na moja."

Muuguzi aliyekuwa akimhudumia nyumbani aliandaa sindano ya kumtuliza. "Mama, anahangaika. Tumpumzishe."

"Mchome," alisema kitinda mimba wao, akilia. "Mama, baba anateseka, humwonei huruma?"

Mkewe alisimama kati ya kitanda na sindano. Alitamani mumewe apumzike kuliko mtu yeyote chumbani humo. "Nilirudia kwa mdomo wangu," alisema. "Mwacheni amalize."

Aliyekuwa rubani msaidizi alikuwa amekuja kumjulia hali, naye sasa ni mzee wa miaka hamsini na tisa. Alikuwa amepigwa na butwaa mlangoni. Kisha midomo yake ikaanza kwenda. Alijua majibu yote kwa moyo, na kila Kapteni aliponyamaza, yeye alisema jibu linalofuata. Hakuna lililogongana. Kapteni hakumtazama. Alikuwa akimsikiliza mtu mwingine, mbali.

"Uwanja uko mbele yako," alisema mwishoni.

"Nashukuru," msaidizi alinong'ona. "Naomba kujua naongea na nani."

Kapteni alitabasamu, akataja majina yake mwenyewe, yote matatu, polepole, kama mtu anayejiandikisha ofisini.

"Nimepokea," alisema msaidizi, na machozi yakamtoka.

Kapteni alilala mwenyewe bila sindano, akafariki saa tano kasoro robo.

Familia haimlazimishi mtu kuamini. Imeeleza ilivyokuwa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake anayesoma haya. Ameacha pia wale wa ndege ile walio hai, na watoto wao waliozaliwa baadaye. Kitinda mimba, aliyeomba baba yake achomwe, alizaliwa tarehe 3 Februari 1990, miezi tisa na nusu baada ya ndege kutua. Ameliona hilo alipokuwa akichapa ratiba hii, na ndiye aliyetaka liandikwe.

Tunawaomba jambo moja. Mkisikia maneno ya mwisho ya wasifu huu, msinyamaze. Rudieni nyote kama mlivyosikia, neno kwa neno, ajue yamefika.

Apumzike kwa amani.