Isale la Rais Mstaafu

Kijiwe chetu cha kahawa kiko Kiboriloni, mbele ya duka la misumari na mabati la Harshil. Hapa kila mtu anajua kila kitu, ndiyo maana hatuelewani. Jana Rais mstaafu alipita Uru, alikofanya kazi ujanani kama bwana shamba. Akasimamisha gari langoni kwa Mzee Ebenezeri, akashuka na jani la isale mkononi. Huku kwetu ukiletewa isale unaombwa msamaha, na kulikataa ni mwiko. Akasema, "Mpe mdogo wako Antoni. Mwambie nilimkosea." Akaondoka. Sasa Antoni tulishamzika! Leo Ebenezeri kaja nalo kijiweni, hajui alipeleke wapi.

— Mzee, kwa nini hukumwambia Rais kuwa Antoni amefariki? — akauliza Filbert, fundi redio, tunamwita Taarifa ya Habari.

— Ningeanzaje? Ulimi ulikuwa mzito. Mnisaidie jamani, mimi na marehemu hatukuwa tunasemeshana.

— Kosa lenyewe ni lipi? — Harshil akavuta kigoda.

— Hotuba! — akasema Filbert. — Tangu ubunge mpaka urais, Antoni ndiye aliyekuwa akimwandikia.

— Wewe! — akacheka Harshil. — Antoni hata barua ya mwaliko alikuja nimwandikie mimi.

— Basi Rais alimwahidi uwaziri.

— Wa nini?

— Wa ndizi.

Sifael wa bodaboda, tunayemwita Breki kwa sababu hana, akaweka kikombe chini.

— Mnazunguka tu. Rais halisi alikuwa Antoni. Siku ya kuapishwa, gari la kumchukua likakosea njia pale Kwa Sadala, likambeba huyu.

— Acha fiksi zako, Breki!

— Kama ni fiksi, msamaha wa nini?

Lo! Tukatazamana. Nakwambia, kichwa kiliniuma, maana kwa dakika nzima nilianza kumwamini yule mwendawazimu.

Hapo akafika Eliaichi, mjane wa Antoni, na mkungu wa ndizi kichwani. Hajawahi kusimama kijiweni kwetu hata siku moja.

— Shikamoo shemeji.

— Marahaba, — akajibu Ebenezeri, akimtolea lile jani. — Hili ni la mume wako, kutoka kwa Rais mstaafu. Tunatafuta kosa.

Mama akashusha mkungu, akalipokea kwa mikono miwili.

— Kosa gani la kutafuta? Walikuwa marafiki. Aliahidi kuja kwenye kipaimara cha mwanetu, hakuja. Basi.

— Hilo tu? — Filbert akasikitika kabisa.

— Hilo tu. Na siku ile ile, shemeji, ulisimama mbele ya wageni ukamwita mume wangu muongo, eti amfahamu Rais wapi.

Ebenezeri akainamisha kichwa.

— Hili la Rais nitalipeleka kaburini leo, — akasema Eliaichi. — La kwako liko wapi?

Breki, mwenye jibu la kila kitu, akaenda kuwasha pikipiki.

— Panda, Mzee, tukalichume, — akasema. — Nitaendesha polepole.